Sambusa Nilizompelekea Mzee Lennart

Ndugu zangu wa Uvira, safari hii niliifunga kwa ajili ya shukrani. Mwanangu Baraka alikaa muda mrefu bila kazi hapa Stockholm, mpaka Mzee Lennart akamchukua kutunza farasi wake. Nikasema, mtu huyu sharti nimwone kwa macho. Na kwetu haiendwi kwa mtu mikono mitupu.

Asubuhi, nyumbani kwetu Hallonbergen, nikakaanga sambusa. Nyama niliipata duka la chini, laini, imekatwa vipande vyembamba, bei nzuri. Pakiti moja nikaibakiza mkobani, ya kulia mkate njiani. Neema, binti ya Baraka, akanisindikiza awe mdomo wangu wa Kiswidi. Tukapanda treni Sundbyberg hadi kituo cha mwisho, Baraka akatupokea.

Saa sita tukawa kwa Mzee. Ndiye aliyeanzisha mbio za farasi upande ule. Yeye na jirani yake Sven waling'oa mawe shambani mpaka pakawa uwanja. Farasi anavuta kigari cha magurudumu mawili, na akiacha mwendo wake akaanza kuruka, anatolewa. Ukutani, picha za farasi tupu.

"Na mama wa nyumba?" nikauliza.

"Yule, nyuma ya Stella." Kweli, sikio la farasi limemfunika nusu. Tukacheka.

Nikampakulia. Akauma, akatafuna polepole, akanitazama, akaiweka chini.

"Kula, baba! Moja ni ya adabu, ya pili ni ya upendo."

Neema akamfikishia. Mzee akamaliza ile, akala na ya pili, akiisukuma kwa kahawa.

Kwenye kuagana akasema, "Safari nyingine alete za maharage." Nikayahurumia meno yake.

Kurudi, ndani ya treni, nikatoa ile pakiti. Neema akaisoma.

"Nej, farmor!" Akashika mdomo. "Nyanya, hii ni nyama ya farasi."

Jamani! Na nilimlazimisha, Stella akitutazama ukutani! Nilijifunika kitenge usoni mpaka Sundbyberg. Usiku usingizi haukuja, niliwaza, kazi ya mtoto nimeiua kwa mkono wangu.

Kesho yake jioni Baraka akarudi kutoka kazini kama kawaida. "Mzee alisema nini?" nikamuuliza.

"Alisema una mkono mzuri wa kukaanga, Mama."

Nikainamia sufuria asinione uso. Kiswidi changu kimeongezeka neno moja, *häst*, farasi. Dukani nalitafuta kwenye kila pakiti. Na jioni ile ile niliroweka maharage.