Umeona, au Unadhani?

Mwezi uliopita nilirudi Buganguzi, kijijini kwetu Uhaya, kumzika shangazi. Tulipita pale shule yetu ilipokuwa, nikasimama. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Darasa lilikuwa banda la nyasi, harufu ya kahawa iliyoanikwa nje ikiingia. Mwalimu wetu wa kwanza alifundisha kwa fimbo: yeye anasema, sisi tunarudia, anayekosea anachapwa hadi vigimbi vinachuruzika damu.

Kisha akaja mwalimu wa kike, binti wa mchungaji. Alitumwagia maharage tuyatenge tupendavyo, mradi tueleze sababu. Alitutaka tubashiri mvua, halafu tungoje tuone. Kila jibu alilipokea kwa swali: "Umeona, au unadhani?" Bibi yangu aliguna. "Huyo atawafundisha kuwahoji hata wafu."

Asubuhi moja mtoto wa kijijini alikufa ghafla. Watu wakamburuta mjane mfinyanzi hadi uwanjani kwetu, wakidai kamlisha sumu. Walimpiga kwa michi na mateke. Jino lake liliruka likatua mbele yangu. "Mawe! Mawe!" alilia, akimwita mama yake kwa Kihaya.

Msichana niliyekaa naye benchi moja akachomoka. Baba yake alikuwa miongoni mwa wapigaji, ameshika mpini wa jembe.

"Tata," alimwita baba yake, "ulimwona akimpa sumu, au unadhani?"

Baba alimzaba kofi, msichana akaanguka chali. Mwalimu akajitupa juu ya mjane. Mpini ukashuka, mkono wa mwalimu ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu.

Mzee mmoja akauliza, "Kwani nani alimwona?" Mmoja mmoja wakashusha michi. Mama wa marehemu akasema kwa sauti ndogo, "Homa ilimwanza kabla huyu hajafika kwangu."

Mjane alipona, ila jicho moja halikupona. Mwalimu alifukuzwa, eti anafundisha watoto kudharau wazazi. Fimbo ikarudi.

Tangu hapo baba wa yule msichana, kila alipokata ndizi, alipeleka mkungu mlangoni kwa mjane, akaondoka bila kubisha hodi. Mjane hakuugusa hata mmoja. Iliozea palepale, nzi wakivuma, naye akipita juu yake kwenda kuchota maji.

Wote wamekufa sasa. Pale palipokuwa mlango wake, watoto wanacheza mpira.