Mlinzi Aliyepanda Basi la Dar

Nakumbuka siku moja, mazoezi yamekwisha na wenzetu wanakunja mikeka, Bi Zaina alinishika mkono akanivutia nyuma ya pazia. Alikuwa mwigizaji mkubwa wa kikundi chetu hapa Dodoma, mwenyeji wa Kondoa kama mimi, na sauti yake ilijaza ukumbi bila kipaza sauti.

"Mwanangu, macho yangu yamekwenda," akasema. "Naona ukungu tu. Mwongozaji akijua atanipumzisha, na nikipumzishwa nitakufa."

Katika igizo lile alicheza mama anayekwenda kumfungulia mlango mwanawe aliyepotea. Mlango ulikuwa ukingoni mwa jukwaa, na mimi nilikuwa mlinzi niliyesimama hapo, sina hata neno moja la kusema. Aliniomba nikohoe mara mbili kila anapoanza kutembea, ili aifuate sauti. Nikaapa sitamwambia mtu. Tukacheza hivyo miezi mingi, na watazamaji wakasifu mwendo wake wa taratibu, wakidhani ni uchungu wa mama.

Mwanangu, juzi ulipokuja hapa kwangu Miyuji kuniaga, ukasema umeitwa kwenye tamthilia ya runinga na unaliacha igizo lenu wiki hii hii, nilikupongeza tu. Tangu hapo sijatulia. Nimeinuka mara tatu tangu nianze kukuandikia haya, hadi mke wangu anauliza kama kiti kina misumari.

Watu wananijua sura, jina hawana habari nalo. Sokoni wananiita Mganga, wengine Mwenyekiti, kutokana na watu niliowaigiza. Leo napenda kuitwa hivyo. Ujanani nilikuwa nachemka. Kusimama mlangoni kama mwiko ukutani kuliniuma, na kila gari lililopita barabarani niliona limeniacha mimi.

Basi habari ikaja kwamba kuna filamu inapigwa Dar es Salaam na wanataka mtu wa kucheza muuza duka, mwenye maneno. Igizo letu lilikuwa kesho yake mchana, Chamwino. Nikamwambia mwongozaji nina dharura ya nyumbani, na kijana mwingine akapewa kofia yangu ya ulinzi. Mlinzi asiyesema, nani atashindwa kumcheza? Nikadandia basi.

Bi Zaina sikumkumbuka kabisa. Alinijia akilini tulipofika Gairo, basi limesimama abiria wananunua viazi. Mabasi ya kurudi yalikuwepo, tena yanaita abiria, na siku nzima ilikuwa mbele yangu. Nikainuka kwenye kiti, nikakaa, nikainuka tena. Kisha nikajiambia ameshazoea jukwaa lile, atafika tu. Dereva akapiga honi, nikakaa.

Niliporudi baada ya siku nne nikamkuta Bi Zaina kitandani kwake, nyonga imevunjika. Alianguka kutoka jukwaani Chamwino, mbele ya watu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umecheza vizuri huko?"

Kumbe alijua nilikokwenda. Nikasema nimecheza.

"Wamekupa maneno?"

"Matatu, mama."

"Afadhali." Mkono wake ukatafuta wangu juu ya shuka. "Nilisimama nikakungoja. Watu walikuwa kimya kweli. Nikasema masikini, labda koo limemkauka. Nikaenda."

Hakunigombeza, na mimi ningeshukuru angenigombeza. Hakusimama tena jukwaani. Wenzetu aliwaambia amejikwaa kwenye kanga yake, wakamtania kwa hilo mpaka tulipomzika Kondoa: Bi Zaina kaangushwa na kanga! Nami nilicheka pamoja nao. Miaka yote hiyo, mwanangu, nilicheka. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa ukweli, na naona aibu kama jana.

Maneno yangu matatu yalikatwa. Kwenye filamu ile hauonekani hata mkono wangu. Lakini hata wangeniweka kuanzia mwanzo hadi mwisho, nyonga ya mama yule isingeunga.

Sasa sikiliza. Sikuzuii kwenda. Runinga ni kazi, na njaa ya kuonekana si dhambi, ninayo mpaka leo. Ila kabla hujafunga begi, zunguka kwa wenzako mmoja mmoja uwaulize nini watakikosa usipokuwepo. Wengine hawatasema mbele za watu, kwa hiyo kaa nao faragha. Utakachoambiwa, mfundishe atakayeshika nafasi yako mpaka akiweze, hata kama Dar watakusubiri siku moja. Usiipime nafasi yako kwa wingi wa maneno uliyopewa. Na ukikumbuka mtu ukiwa njiani, shuka. Teremka na begi lako urudi, wacha watu wakucheke.

Mola akufungulie milango, mwanangu, akupe jina ambalo mimi sikulipata. Akujaalie wenzako wakikutaja uweze kuwatazama usoni, nawe ukifika umri wangu uweze kukaa kwenye kiti ukatulia.