Wawili Ndani Yangu

Walitugawia kila mtu karatasi mbili na kalamu mpya, wakatuambia tujibu maswali bila kufikiri sana. Mtu akiniambia nisifikiri sana, mimi huona kama ananitafutia ugomvi. Ilikuwa semina ya kazini, katika hoteli moja ya ufukweni Kisumu, miaka ile gugu maji lilipofunika ziwa hadi ukitazama dirishani unadhani mtu amelima sukuma wiki kutoka hapo mpaka ng'ambo. Nilikuwa karani wa shirika dogo la mambo ya maji, umri miaka ishirini na mitatu, na ofisi nzima ilinijua kwa mdomo. Pakiwa na harusi au kuagana na mfanyakazi, kipaza sauti nilipewa mimi.

Maswali yenyewe yalikuwa ya kawaida. Ukiwa na watu wengi, unachangamka au unachoka? Ukiulizwa jambo, unajibu papo hapo au unangoja? Sijui kilichonipata siku hiyo, nikajibu kweli. Mwalimu wa semina, bwana mmoja aliyetoka Nairobi, akajumlisha alama zangu kisha akasimama na kusoma tabia zangu mbele ya wote: mtu wa ndani, mchambuzi, hupenda kukaa peke yake au na mtu mmoja tu, husikiliza kuliko anavyosema, hutafuta chanzo cha kila kitu, huchelewa kujibu kwa sababu bado anapima.

Wenzangu walicheka wakapigana mabega. "Bwana, hiyo karatasi umechanganya na ya mtu mwingine," dereva wetu akasema. "Huyu hata akilala anaongea!"

Mimi nilicheka kuliko wote. Kisha nikaenda chooni, nikafunga mlango kwa komeo, nikalia kwa hasira. Mgeni asiyenijua hata kwa jina alikuwa amemwona mtoto niliyedhani nimemzika. Na hasira yangu haikuwa kwa dereva wala kwa mwalimu. Ilikuwa kwa mama yangu.

Mwaka wa themanini na tano nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa mtaa wa Kondele, hapo hapo Kisumu, chumba kimoja na kipande cha ua, mimi na mama tu, maana baba alikuwa na kazi Mombasa na tulimwona Krismasi. Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani. Asubuhi alikwenda ufuoni Dunga kuwachukua kwa wavuvi, akawaanika, na nikitoka shule tulikaa uani ungo ukiwa katikati yetu, tukitoa mchanga, vikonokono na vipande vya majani. Nilikuwa nimegundua kwamba ukiutikisa ungo mara tatu ukiuinamisha kidogo upande wa kushoto, mchanga wote hukusanyika mahali pamoja. Nilitumia wiki nzima kugundua hilo. Mama aliponiona nikifanya hivyo hakusema kitu, ila kesho yake nilimwona naye akiutikisa mara tatu, kushoto. Hivyo ndivyo tulivyozungumza.

Saa nzima ingepita bila neno, na sikumbuki raha nyingine ya utotoni inayofikia ile.

Shida ilikuwa watu wengine. Mgeni akiingia akaniuliza, "Habari ya shule?" mimi nilianza kuipitia wiki. Jumatatu ilikuwa nzuri, Jumanne mwalimu alimchapa msichana ambaye hakuwa na kosa, Jumatano nilipata hesabu zote lakini sikuelewa kwa nini jibu la nne lilikuwa sahihi. Sasa habari ya shule ni nzuri au mbaya? Nilipokaribia jibu, mgeni alikuwa amekwisha kugeuka kuomba chai. Nilifungua jiko la mafuta ili nijue kwa nini linatoa moshi, nikajua, nikalirudisha, na sikumwambia mtu. Niliwajua majirani wote kwa namna wanavyobisha hodi. Hakuna aliyeniuliza hayo. Walichouliza ni kama mimi ni bubu.

Aliyeuliza zaidi ni mama mdogo, mdogo wake mama, kiongozi wa maombi ya akina mama kanisani kwetu. Alikuwa mwanamke mkarimu, na sauti yake ilimtangulia kuingia nyumbani. "Dada, nyathini ana shida," alikuwa akisema, yaani mtoto huyu, nami nimekaa hapo hapo. "Mtoto hawezi kukaa akikuangalia tu hivi. Watu wanasema."

Siku moja alipoondoka, mama akaniuliza, mikono yake ikiwa kwenye ungo, "Kwa nini huongei na watu?"

Lilikuwa swali zuri. Nililibeba siku tatu. Siku ya nne, tukiwa tumekaa vilevile, nikamjibu.

"Mama, mimi naongea. Ndani yangu kuna wawili. Mmoja akitaka kusema kitu, mwingine anamuuliza, una uhakika? Basi wanabishana. Wakimaliza kubishana, watu wameshahamia maneno mengine."

Mama alisimamisha mikono. Akaniangalia, kisha akacheka taratibu, kicheko kizuri ambacho hakikuwa cha kunicheka. "Kumbe," akasema. "Sasa nimekuelewa."

Nilifurahi sana. Nikamwambia, "Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, nyara?" Nyara ni binti yangu. Aliponiita hivyo, mimi nilikuwa nimetosheka, sikuhitaji mtu mwingine duniani.

Jumapili ya pili baada ya hapo, kanisani kulikuwa na mhubiri mgeni. Mama alinivisha gauni la Krismasi, la buluu, akanipeleka benchi la mbele. Hatukuwa watu wa benchi la mbele. Niliona hilo, nikaliweka akilini, sikupata maana yake upesi. Kanisa letu lilikuwa la mabati, limejaa Wajaluo na Waluhya wa pale mtaani, kwa hiyo mambo yote yalikwenda kwa Kiswahili chetu kile. Mhubiri akaombea watu watatu: mzee mwenye mgongo, mama mwenye kichwa kisichopoa, na kijana mlevi. Kisha akauliza kama kuna ombi lingine. Mama mdogo akasimama.

"Bwana asifiwe. Mimi niko na ombi kwa huyu mtoto wa dada yangu. Huyu mtoto haongei na watu. Na yeye mwenyewe amekubali kwa mdomo yake, ndani yake kuna wawili. Wawili, na wanabishana!"

Hata neno "wanabishana" alikuwa nalo. Lilikuwa neno langu, nililolitafuta siku tatu. Nikageuka kumtazama mama. Mama alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe kama mtu anayetafuta mwiba.

"Wawili!" mhubiri akapaza sauti. "Kanisa, mmesikia? Wawili!"

Nikavutwa mbele. Mikono ikanijia kichwani, mabegani, mgongoni, mingine ikinuka mafuta ya nywele na mingine samaki, ngoma ikalia, na mhubiri akaniinamia usoni. "Taja jina lako! Wewe wa kwanza, taja jina! Wewe wa pili, taja jina!"

Aibu iliyonipata ni kwamba nilianza kulifikiria swali lile kwa dhati. Je, wana majina? Sikuwahi kuwapa. Na kama ningewapa, yupi angekuwa wa kwanza, anayesema au anayeuliza? Wakati napima, kanisa likaona ukaidi wa pepo. Makelele yakazidi. Mtu alinitikisa kichwa hadi meno yakagongana. Mama mdogo alikuwa analia kwa huruma, machozi ya kweli. Mama yangu hakuja mbele. Nilimtafuta kati ya mikono ya watu, nikaona kitambaa chake cha kichwa palepale benchini, hakisogei.

Hapo ndipo nilipojua niko peke yangu, na mimi nikiwa peke yangu hufanya kitu kimoja: huangalia. Wale watatu walionitangulia, nilikuwa nimewaangalia vizuri. Mzee alisimama tu, wakamwombea muda mrefu hadi akachoka. Mama wa kichwa na yule kijana walipiga kelele wakaanguka, na kila aliyeanguka alifunikwa leso na kuachwa alale kwa amani. Basi jambo lilikuwa wazi. Nikachagua upande usio na benchi, nikapiga kelele "Asante Yesu!" kwa nguvu zangu zote, nikaanguka.

Kanisa lililipuka. Chini ya leso kulikuwa na giza dogo, la buluu, na kimya changu, ambacho nilikuwa nacho kwa mara ya mwisho.

Jumapili iliyofuata mama alitoa ushuhuda. Alisimama mbele ya watu wote akasema mtoto wake amefunguliwa, sasa anaongea. Na ilibidi iwe kweli, maana kila jioni mama mdogo alipita kunikagua. "Habari ya shule?" "Nzuri sana, mama mdogo! Na wewe habari ya nyumbani?" Nilikuwa nimejiwekea kanuni. Jibu kabla hujafikiri. Cheka kwanza. Ukimaliza, uliza swali ili wao ndio waongee. Mwezi mmoja ulinitosha. Kufika sekondari nilikuwa kiongozi wa mdahalo, na baadaye, kama nilivyosema, wakanipa kipaza sauti.

Nyumbani niliongea kuliko kokote. Tukikaa kwenye ungo nilimwaga maneno ya shule, ya majirani, ya bei ya mkaa, bila kupumua. Kuongea sana kuna faida moja, hakuna anayegundua kwamba hujasema kitu. Tangu siku ile sikuwahi kumwambia mama jambo lolote langu. Alizisikia hadithi za mtaa mzima, na hakuwahi kujua nilipompenda mtu nikaachwa, wala nilipoogopa mtihani. Nilikuwa nimemsamehe kidogo, kwa sababu moja tu: niliamini kwamba aliamini. Nilijiambia mama aliona mtoto wake akianguka, akadhani ni muujiza, akashukuru. Mtu aliyedanganyika unaweza kuishi naye.

Baada ya ile semina nikaenda Kondele, Jumamosi mchana, karatasi ikiwa mkobani. Mama alikuwa uani na ungo wake, nywele zimeanza mvi pembeni. Nikaketi, nikamsomea zile tabia zote, moja baada ya nyingine, nikizigeuza kwa Kijaluo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo bwana ametoka Nairobi kuja kukuambia hayo?" akauliza.

"Ndiyo."

"Angeniuliza mimi."

Hapo hasira ikanipanda. "Kama ulijua, kwa nini uliwapa maneno yangu? Nilikuambia usimwambie mtu."

Aliendelea kuchambua. "Nilimwambia mdogo wangu kwa sababu nilifurahi. Nilitaka ajue mtoto wangu si mjinga, ana akili hata zinabishana. Yeye akasikia mengine."

"Na kanisani? Ulikaa tu. Nilikutafuta."

Akaokota jani kwenye ungo. "Niliogopa," akasema. "Walikuwa wameanza kusema ni mimi nilikufunga mdomo kwa uchawi, ili biashara yangu iende. Ningesimama kukutetea, ningevutwa mimi. Nikasema moyoni, huyu ana akili, atajua la kufanya." Akatupa kikonokono kando. "Na ukajua."

Nikamgeukia. "Ulijua sikuanguka kweli?"

"Nyara, ulitanguliza mkono ili usiumie. Halafu ukavuta gauni likafunika magoti. Nani huangushwa na pepo akakumbuka gauni?"

Alijua. Aliniona nikidanganya ili niokoke, na Jumapili iliyofuata akasimama na kuutia muhuri uongo ule kwa jina la Mungu, akaniacha niuishi. Nilikuwa nimemsamehe mwanamke ambaye hakuwepo. Huyu aliyekuwa mbele yangu hakuwa amedanganyika hata dakika moja, na nilimchukia wakati ule, nasema wazi, nilimchukia huku natazama mikono yake.

"Nilidhani ni ya kule kanisani tu," mama akasema, sauti chini. "Nilidhani tukifika nyumbani utanyamaza, tukae hivi kama zamani. Lakini uliingia mlangoni ukiongea. Miaka kumi na miwili nangoja umalize."

Akausukuma ungo ukawa katikati yetu.

Nikaweka karatasi chini. Nikautikisa ungo mara tatu, kushoto, na mchanga ukaja mahali pake. Mama akaanza upande wake, mimi wangu. Kimya kikaja, kilekile, na ndani yake nikawasikilizia wale wawili, mmoja aseme, mwingine amuulize kama ana uhakika. Nilingoja. Sikusikia mtu. Nilichosikia ni mdomo wangu mwenyewe, mchangamfu, ukisema, "Mama, hebu nikuambie kituko cha juzi ofisini."

Mama aliinamia ungo. "Niambie," akasema, nami nikamwambia.