Jua Likizama Molo

Dereva wa kwaya yetu ya Waadventista hapa Oyugis hapangi safari kwa ramani, hupanga kwa chapati. Kila Julai, baridi ikituuma hata sisi wa huku, hufinya chapati yake kwenye meza ya hoteli mpaka ipate milima: "Hapa Kericho, hapa Molo." Upande uliobaki bapa ndio tambarare za Isiolo. Vidole vyake vinanuka dizeli, lakini hufinya polepole kama anayemvisha mtoto mchanga. Njia asiyoitaka huila.

Mwaka huu Mellen, mwimbaji wa sauti ya pili, alimbana. "Dere, tunatoka Ijumaa. Sabato inaanza jua likizama, na wewe Sabato hugusi usukani. Sasa Molo ni ukungu tu, utajua aje limezama? Ama tutalala msituni?"

Akatafuna Kericho kidogo. "Nitampigia mama simu Homa Bay. Jioni yeye hukaa nje akiangalia ziwa. Akisema limezama, nazima injini."

Mwalimu wa kwaya akacheka. "Lakini jua la Homa Bay linachelewa kuzama kuliko la Molo!"

Dereva akafuta mafuta mdomoni. "Mwalimu, mimi nilibatizwa Homa Bay."