Mtoto Ambaye Hakukabidhiwa

Kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, utayari wa mtoto kuanza shule ulipimwa kwa mkono. Mtoto alisimama mbele ya meza, akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la kushoto aliandikwa. Visipogusa, alirudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Nikiwa afisa elimu nilisimamia zoezi hilo Nachingwea tangu enzi ambapo Ruangwa ilikuwa bado sehemu yake, na sikumbuki kuwahi kumwuliza mtoto hata mmoja swali. Wengi hawakuwa na vyeti, na wazazi waliovuka kutoka Msumbiji walikumbuka kuzaliwa kwa mtoto kwa mvua au kwa njaa ya mwaka ule, si kwa tarehe. Mkono ulikuwa ushahidi usiobishana. Baadaye vikaja vyeti, likaja darasa la awali, zikaja fomu zenye vipengele vingi, na mwishoni likaja neno “utayari wa kihisia”, ambalo nilistaafu kabla ya kupewa maelezo yake kwa maandishi.

Ushauri mmoja tu niliutoa kwa wazazi kuhusu hisia, na niliutoa katika kila mkutano, Mnero, Chinongwe na kwingineko: ukimfikisha mtoto shuleni siku ya kwanza, ondoka kimyakimya. Ukimuaga atalia, na akilia mmoja darasa zima litalia. Hakuna mzazi aliyewahi kuupinga, nami nikauhesabu kuwa sahihi.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alipotimiza miaka sita alikuja kukaa nasi Nkowe. Mama yake ni muuguzi Mnero na alikuwa amepata nafasi ya kwenda masomoni. Mtoto alikuwa amemaliza darasa la awali kulekule Mnero, na karatasi ya kuthibitisha hilo ninayo. Ambacho karatasi haikusema ni kwamba darasa lile lilitazamana na zahanati, kiasi kwamba mwaka mzima mtoto alisoma huku akimwona mama yake akiingia na kutoka kwa sare nyeupe. Nililifahamu jambo hilo. Sikuliona kuwa taarifa.

Alifika Desemba, korosho zikiwa zimechelewa kudondoka mwaka ule, na mimi na mke wangu tulishinda shambani tangu asubuhi. Tulimpa ufagio mdogo na mkorosho mmoja mfupi uliokuwa karibu na njia. Kazi yake ilikuwa kufagia majani chini yake na kuokota zinazodondoka. Siku ya tatu alipotea. Alifuata mabibo mekundu yaliyoanguka mstari hadi mstari, na mikorosho yote ikifanana, hakujua tena alikotoka. Tulimpata kwenye mpaka wa jirani, amekaa chini, hasemi. Mke wangu alimbeba. Mimi nilimkalisha chini ya mkorosho wake, nikachora duara kwenye mchanga kwa fimbo na kumwambia kwa sauti ambayo ningeitumia kwa mtumishi mzembe: “Hapa ndipo pako. Usitoke mpaka nije mimi kukutoa. Akija mtu mwingine, hata akikujua, usitoke.”

Alitii. Hadi mwisho wa msimu hakuvuka mstari ule. Bibi yake alipomwita kula, alimjibu kwamba Babu hajaja, na ikanibidi niache kazi nikamtoe. Mke wangu alilalamika kwamba nimemfunga mtoto kama mbuzi. Mimi nilijivunia. Niliona ni mtoto mwenye nidhamu kuliko watumishi wengi niliowaongoza.

Januari shule zilipofunguliwa nilimpeleka kwa baiskeli, sare mpya, ufagio mkononi kama walivyoagizwa wote wa darasa la kwanza. Tulipofika, mwalimu wa darasa, binti aliyetoka chuoni mwaka uliotangulia na mgeni kabisa katika mikoa ya kusini, alikuwa akiwapanga wapya kwa usafi wa mazingira. Uwanja wa shule ile una mikorosho mikubwa saba. Nilimwona akimwelekeza mjukuu wangu kwenye mmojawapo, nami nikaingia ofisini kuhakikisha kwamba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na karatasi ya awali vimepokelewa na kuorodheshwa. Nilipotoka nilifuata ushauri wangu mwenyewe. Nilipita nyuma ya jengo la madarasa nikisukuma baiskeli, nikaondoka kimyakimya.

Jioni nilimwuliza alisoma nini. Akasema alifagia. Siku ya pili nikamwuliza tena, akasema alifagia. Siku ya tatu jibu lilikuwa lilelile, na nilimweleza mke wangu kwa hasira kwamba shule imegeuzwa kuwa kambi ya usafi na kwamba nitaandika barua.

Barua ilinitangulia. Alhamisi asubuhi, nikiwa nimekwisha kumfikisha mtoto getini na kurudi, mwendesha bodaboda aliniletea bahasha kutoka kwa mwalimu mkuu. Ilieleza kwamba mwanafunzi tajwa hakuwa tayari kihisia kuanza darasa la kwanza. Kwa siku tatu alikuwa amekataa kuingia darasani, hakujibu aliposemeshwa, na alipobebwa aling’ang’ania mti. Ilipendekezwa arudi darasa la awali kwa mwaka mmoja. Orodha ya darasa la kwanza ingepelekwa wilayani kesho yake, Ijumaa, na jina lake lisingekuwamo.

Niliisoma mara mbili. Sikatai kwamba niliumia, lakini kwanza nilikasirishwa na utaratibu. Siku tatu mtoto hakuingia darasani na mlezi hakuarifiwa. Hapakuwa na kumbukumbu ya kikao chochote. Mwalimu wa awali aliyemfundisha mwaka mzima hakuulizwa. Nilivaa koti, nikachukua faili, na mke wangu akakaa nyuma ya baiskeli bila kualikwa.

Kabla hatujafika getini tulisikia watoto. Ilikuwa mapumziko, na kundi la wakubwa lilikuwa limezunguka mkorosho mmoja kwa mbali kidogo. “Mlinzi! Mlinzi, leo umewaona nguruwe wangapi?” mmoja aliuliza, kama anayemsemesha mlinzi wa shamba. Mwingine akamjibu kwa niaba yake kwamba nguruwe wamemkimbia, kwa sababu halali wala hali. Katikati yao alisimama mjukuu wangu na ufagio wake, uso mkavu. Chini ya mti palikuwa safi kuliko uwanja wote.

Mke wangu alishuka akaelekea kwenye mkorosho. Mimi nilielekea ofisini.

Mwalimu mkuu ni mtu wa makamo, mpole, na alisimama nilipoingia. “Shikamoo, Mzee.” Niliitikia, nikafungua faili na kumwonyesha kimoja baada ya kingine: umri unatosha, awali imekamilika, chanjo zote. Nilimwambia kwamba katika kumbukumbu zangu zote za utumishi sijawahi kumrudisha mtoto mwenye vielelezo kamili, na kwamba “hisia” si kielelezo. Mwalimu wa darasa alikuwa amesimama pembeni. Alisema kwa heshima kwamba amejaribu kila njia. Alimbembeleza, alimpa chaki za rangi, akamwita kwa kumwimbia, akambeba. “Wengine wanalia nikiwaingiza, Mzee, halafu wanazoea. Huyu halii. Anakataa tu.”

Nilianza kueleza tofauti kati ya kukataa na kutoelekezwa. Mwalimu mkuu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafunga faili langu taratibu na kunirudishia.

“Mzee, unanikumbuka?”

Nilisema namfahamu kama mwalimu mkuu.

“Nachingwea. Mama alinileta kutoka shambani, tumetembea tangu alfajiri. Ulisema mkono haujafika. Nilikuwa najua kusoma, kaka yangu alinifundisha. Mama akakwambia hivyo, ukamwambia anayesoma ni mkono.”

Simkumbuki. Niliwapima watoto wengi na hilo lilikuwa jibu nililozoea kulitoa. Nilimwambia kwamba kama alirudishwa, alirudishwa kwa mujibu wa taratibu za wakati ule. Alikubali. Alisema hana kinyongo, ila ameapa kwamba katika shule yake mtoto hatapimwa kwa karatasi wala kwa urefu, na ndiyo maana amempa mwalimu wa darasa mamlaka ya kutazama moyo wa mtoto.

“Na moyo wa huyu mmeutazamaje?” niliuliza. “Kwa kumvuta?”

Hapo mke wangu alisimama mlangoni. Hakuingia. Ana kawaida ya kusema Kimwera anapokuwa na haraka, lakini siku ile alichagua Kiswahili ili wote tusikie.

“Mzee, mtoto anasema hujaenda kumtoa.”

Hakuna aliyeelewa, nami nilijifanya mmoja wao kwa dakika moja hivi. Mwalimu wa darasa akauliza kumtoa wapi. Mke wangu akamwuliza yeye: siku ya kwanza, alipompa mtoto ule mti, alimwambia nini? Binti alifikiri. Alisema aliwachorea wote mistari kwenye mchanga wasigombane, kila mtoto na sehemu yake. Akamwambia kila mmoja hapa ndipo pako.

“Basi,” mke wangu alisema. “Amekaa pake.”

Nililazimika kueleza. Niliwasimulia habari za Desemba, duara, na agizo nililolitoa kwa maneno yake yote, kwa sababu taarifa iliyokatwa nusu ni mbaya kuliko uongo. Mwalimu wa darasa alisema hakujua kwamba huku watoto hukabidhiwa miti. Mwalimu mkuu, ambaye amezaliwa huku, alishika kichwa. Yeye pia alikuwa na mkorosho wake utotoni, alisema, na bado hakulifikiria. Kisha akacheka kidogo na kumgeukia mwalimu mwenzake: “Tumemhesabia ukaidi mtoto pekee shule nzima anayefuata maelekezo.”

Mimi sikucheka. Mtoto alikuwa amesimama siku tatu na nusu akidhihakiwa, akinisubiri, na kila asubuhi nilimfikisha getini na kugeuza baiskeli. Kila mchana nilimchukua getini, ambako wanafunzi wote huongozwa kwa mstari kengele ya mwisho ikilia. Baadaye nilielezwa kwamba hata kwenye mstari ule alipelekwa kwa kubebwa, na kila asubuhi alirudi mwenyewe chini ya mti wake. Hakuniuliza kwa nini sikuja. Nadhani alikuwa ameamua kwamba nina sababu.

Katika utumishi, mtu haondoki kwenye kituo kwa sababu mgeni amemwambia aondoke. Huandaliwa makabidhiano. Anayekabidhi, anayepokea na kinachokabidhiwa huwa mahali pamoja, na pande zote mbili husikia. Nilimwomba mwalimu wa darasa tufuatane hadi kwenye mti. Watoto wakubwa walitawanyika walipoona koti.

Mjukuu wangu aliniangalia mimi, kisha saa yangu, kama vile nilichelewa kikaoni.

“Nimekuja kukutoa,” nilimwambia.

“Tunakwenda nyumbani?”

“Hapana. Nakukabidhi kwa mwalimu wako. Kuanzia sasa hapa shuleni yeye ndiye anayekutoa. Akisema ingia, unaingia. Akisema toka, unatoka. Huna haja ya kunisubiri.”

Alilifikiria hilo. “Na wewe unakwenda wapi?”

Ushauri wangu wa miaka yote haukuwa na jibu la swali hilo, kwa kuwa uliandaliwa ili lisiulizwe. Nilimwambia nakwenda shambani na Bibi, kwamba nitarudi saa nane, na kwamba katikati hapo hataniona.

“Kama mama,” alisema.

“Mama yuko masomoni. Atarudi likizo.”

“Mama nilikuwa namwona.”

Mke wangu aligeuka upande. Mwalimu wa darasa, ambaye nilikuwa nimemwona kama mtoto mwingine tu, alichutama mbele yake na kumwambia kwamba kuna dirisha darasani linaloangalia njia ya kuelekea shambani. Babu haonekani kutoka hapo, lakini njia inaonekana. Kisha akanyoosha mkono na kungoja. Hakuvuta. Mjukuu wangu alinitazama mara ya mwisho kuhakikisha kwamba agizo halijabadilika, akaegemeza ufagio kwenye shina, akavuka mstari.

Nilimuaga kwa sauti. Hakulia.

Ofisini nilidai barua ifutwe. Mwalimu mkuu alikataa. Alisema jambo limetokea na haliwezi kufanywa kana kwamba halikutokea, hoja ambayo nimewahi kuitumia mwenyewe dhidi ya wengi. Tulikubaliana aongeze maelezo chini yake. Aliandika kwamba mtoto alikuwa akingoja kukabidhiwa na mlezi. Nikamwambia neno “mlezi” halitoshi, walezi ni wengi. Akafuta na kuandika “babu yake”, nami nikatia sahihi.

Saa nane kamili nilikuwa getini. Mwalimu wa darasa alinijia na kunieleza kwamba mnamo saa sita mtoto alilia, akalia sana, akiangalia dirishani, kisha akanyamaza. Nilimwuliza kwa nini sikuitwa wakati huo, ilhali shamba langu liko umbali wa dakika ishirini kwa baiskeli na bodaboda zipo.

“Angezidi ningekuita, Mzee. Lakini ulinikabidhi.”

Nilikuwa na maneno ya kumjibu, tena makali. Niliyatafutia kifungu cha kuyasimamisha, sikukipata. Nilimshukuru.

Mtoto alitoka na wenzake kwa miguu yake, amechafuka chaki hadi kwenye nyusi. Nilimpandisha nyuma ya baiskeli. Tulifika kwenye kipande chenye mchanga mwingi, ambapo huwa tunashuka na kusukuma. Hapo ndipo aliponieleza bila kuulizwa.

“Nimelia,” alisema. “Halafu tumeandika a.”

Ijumaa orodha ilipelekwa wilayani. Jina lake lilikuwamo.