Kambi ya Udongo

Asubuhi ile tulikuwa tunasiriba. Kilimani juu ya kijiji chetu cha huko Kivu kulikuwa na ngome kuukuu ambayo wakoloni waliwajengea askari wao kwa matofali mabichi, kisha wakaiacha. Sisi tuliiita Kambi, basi. Mabati yalikwisha kuibwa zamani, lakini kuta zilikuwa nene, na wanawake walianika mihogo uani, mbuzi wasiifikie. Kila kiangazi mama yangu aliwakokota majirani kwenda kuzipaka udongo upya, maana tofali bichi lisiposiribwa mvua hulila. Mimi nilinung'unika. Mama akanicheka: "Tazameni mikono ya bibi harusi!"

Milio ya bunduki ilianzia barabarani. Majirani walitawanyika, mimi na mama tukajibanza chumbani.

Risasi hazikupenya. Zilizama udongoni, puu, puu.

Kukawa kimya. Wingu likatanda.

"Mihogo italowa," mama akasema, akatoka.

Nikasikia mlio mmoja tu.

Nilimzika papo hapo, chini ya dirisha pekee lililobaki, ili ukuta uwe alama. Nikalisiriba kaburi kwa viganja. Kisha nikakimbia, nchi baada ya nchi, mpaka Durban.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nasuka nywele huko huko, mtaa wa Greyville. Siku moja akaingia Baba Riziki, jirani yetu wa zamani, aliyefika majuzi tu. Hata kiti sikumpa.

"Baba Riziki, Kambi iko?"

"Iko, maman! Tena banaongeza manyumba. Askari bamejaa."

Nilifurahi, nikaogopa. Askari wanamkanyaga mama yangu, lakini ukuta upo.

"Na dirisha?"

"Dirisha gani?" Akanitazama. "Eish. Unaulizia ile ya udongo? Mimi nasema kambi ya jeshi, kule mjini." Akainamisha kichwa. "Ile, mvua ilishaimaliza, maman. Iko kichuguu tu. Banalima maharagi."

Nililia palepale, mteja wangu akiwa amesukwa nusu kichwa. Simlaumu anayelima; watu lazima wale. Ila kaburi la mama sitalijua tena hata nikirudi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kuta zile zilisimama kwa mikono ya wanawake. Mmoja wao amelala chini ya maharagwe. Mwingine yuko Durban anapaka watu mafuta ya nywele, na mikono yake imekuwa laini, ya bibi harusi kweli.