Nyanya ya Kamba Nyekundu

Nyie batoto, mukaribie! Ule wa radio, zima kwanza, kuko maneno hapa.

Nakumbuka siku moja vita iliingia kwetu Butembo, tukakimbia bote. Mie nilikuwa kijana. Nilikimbia mpaka masasi ya bunduki yakabaki nyuma yanapumua. Lakini mama, miguu ilimuvimba, akabaki Kirumba kwa dada yangu Masika. Vita ilipotulia, mbele ya mie kurudia Butembo, akanishika mukono:

"Kambale, ku shamba kuko muti moja ya nyanya, niliufunga kamba nyekundu. Ile ni ya mbegu. Hapana kuikula!"

Batoto yangu, mvua ya mwaka ule ilileta mildiou, ule ugonjwa wa kuchoma majani. Nikakuta shamba yote nyeusi. Ni ule muti wa kamba tu ulisimama, kijani, kati ya maiti ya miti ingine. Mbegu yake ilitoka kwa koko, bibi yake na mama. Lakini yale matunda! Madogo, ya kukunjana kama magoti yangu hii.

Nilikuwa na njaa ya siku tatu. Nikakula yote, na mbegu yake. Nikasema, mbegu nitatoa kwa ile nyanya mbili tatu zenye zilibakia ku miti migonjwa, nyanya nene kama kichwa ya mutoto. Mutu atapanda vidogo na vinene viko? Nikapanda. Zikaota, mvua ikarudi na ule ugonjwa. Wiki moja tu, shamba yote makaa.

Mama akafika, Masika anamushikilia. Hakunitukana. Alikaa chini kwa udongo, akaokota kile kikamba.

"Koko alikimbia nayo, mie nikaichunga," akasema. "Na mutoto yangu akaikula."

Angenipiga, ingekuwa afazali. Nililia mpaka muto Semuliki ikajaa. Mwezi haukuisha, tukamuzika. Hakuonja tena nyanya yake hata moja.

Donc, batoto, musikie. Ukitafuta mbegu, hapana angalia unene wa tunda. Uangalie muti wenye ugonjwa uliupitia na haukulala. Ile nguvu iko ndani, inaingia kwa bazao, vile hii pua yangu iliingia kwenu bila ruhusa. Na wenye kukuchungia kitu, ubasikie bakingali bazima. Mungu abachunge, musikimbie vile tulikimbia.

Eh? Munauliza, hii nyanya muko munakula, ilitoka wapi?

Siku ile ile ya kikamba, mama analia, mie nalia, Masika akafuta pua, akaniangalia sana:

"Kambale! Kisha kuzikula, ulienda kunya wapi?"